Usukani Uliotazama Kibo

Asubuhi ya Alhamisi Hajira alifungua banda lake la ufundi pale Majengo, akafagia mlangoni, akapanga bisibisi kwenye kopo la maziwa ya unga, kisha akaitoa boti ya Mzee Elimringi kwenye mfuko. Ilikuwa boti ya kuchezea ya kuendeshwa kwa rimoti, nyekundu tumboni na nyeupe juu, ndefu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi vidoleni. Kasoro yake ilikuwa moja tu: haikukubali kunyooka. Ukiiambia iende mbele, inakata kushoto na kwenda kuchomeka pua kwenye tope.

Hajira alikuwa ameshapata wajukuu alipoanza masomo ya jioni ya ufundi. Shule aliishia darasa la saba. Aliuza vitumbua, akazaa, akafiwa na mumewe Rahim, na siku moja akaona tangazo la masomo ukutani akitoka sokoni, akajiandikisha kabla hajapata nafasi ya kuona haya. Tangu hapo hakuwahi kugusa chombo cha mtu bila kusema bismillahi. Mwalimu wao, Tejinder, Singasinga mwenye ndevu za mvi zilizofungwa nadhifu, hakuwa na neno na dua.

"Omba, Mama Fikirini," alimwambia Hajira siku ya kwanza. "Ila ukimaliza kuomba, anza na betri."

Basi alianza na betri. Vichwa vyake vilikuwa na kutu ya kijani, akavisugua kwa limau. Akauendea waya wa antena, uliokuwa umejikunja kama mkia wa nguruwe, akaunyoosha. Akafungua mfuniko na kusikiliza kimota cha usukani, kilikuwa kinaguna. Akachomoa kijiti cha waya kinachokiunganisha na usukani, akausukuma usukani kwa kidole. Ulikwenda kulia na kushoto bila ubishi. Kumbe usukani ulikuwa mzima. Kijiti ndicho kilichopinda, na skrubu ya mkono wa kimota ilikuwa inacheza kama jino bovu.

Ikabaki hatua ya mwisho, ile ambayo mwalimu aliiandika ubaoni na kuipigia mstari: usukani ukae katikati kabla ya kukaza.

Hajira alifanya anavyofanya mtu yeyote wa Moshi akiambiwa aweke kitu sawasawa. Aliinua macho kutazama nje ya mlango. Mawingu yalikuwa hayajafunga na Kibo kilikuwa wazi chote, cheupe kichwani. Moshi njia ni ya kupanda au ya kushuka. Vitanda na cherehani hupangwa kwa kuutazama mlima, na hata mtu akitandika mkeka kuelekea kibla, mlima unakuwa mbele yake. Boti ilikuwa imelala kimshazari mezani, pua ikiwa imeelekea kwenye birika la chai. Hajira hakuijali pua. Aliugeuza usukani hadi ukauelekea mlima barabara, akakaza skrubu, akasema alhamdulillahi.

Mzee Elimringi hakuitaka boti hiyo kwa mchezo. Mjukuu wake aliiacha nyuma boti hiyo familia ilipohamia Mwanza, na mzee akabaki peke yake kwenye kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, juu ya Rau. Katika migomba ile kulikuwa na nduwa, bwawa dogo alilolichimba babu yake ili kuhifadhi maji ya mfongo. Mfongo wenyewe, mfereji wa tangu enzi za wazee, ulishuka kutoka mtoni, juu kabisa, na kila mwenye nduwa alikuwa na zamu yake ya kufungulia maji. Kanuni ilikuwa ya zamani kuliko kamati iliyoisimamia: nduwa iliyo hai ni ile ambayo kitu kinaweza kuelea kutoka mlango wa kuingilia maji hadi mlango wa kutokea. Siku zote walitumia kipande cha shina la mgomba, na maji yanayoingia yalikisukuma mpaka ng'ambo. Nduwa ikishindwa, mwenyewe anafutwa kwenye zamu. Aliyefutwa harudishwi.

Tangu mwaka juzi maji yalikuwa hayaingii. Yaliyobaki yalikuwa ya mvua, yametulia kama chai iliyosahauliwa, na ukitupia shina la mgomba linakaa pale pale lilipoangukia. Kamati ingepita Jumamosi.

"Kanuni inasema kitu kielee toka mlango huu mpaka ule," mzee alimweleza Hajira alipoileta boti. "Naisikia ikisomwa tangu sijaota ndevu. Haijasema kisiwe na betri."

"Na wakikukatalia, babu?"

"Wakinikatalia, migomba inakauka. Nakwenda Mwanza kwa mwanangu, nakaa kwenye kochi, naangalia televisheni mpaka nife."

Hajira alicheka, kisha akaacha. Mwaka aliofiwa na Rahim, Elimringi alikuwa akishusha ndizi sokoni, na kila Ijumaa alipita Majengo na kuacha mkungu mlangoni kwake. Hakuwahi kusema ni sadaka. Alisema umezidi, gari limekataa kuubeba. Watoto wa Hajira walikua kwa mikungu iliyokataliwa na gari. Usiku alipoomba, jina la mzee huyo wa Kilutheri lilikuwa la tatu, baada ya wazazi wake.

Alijaza maji kwenye beseni la kufulia na kuiweka boti. Boti iligeuka polepole, ikaelekeza pua upande wa mlima, ikaukandamiza ukingo wa beseni. Akaligeuza beseni. Boti nayo ikageuka, ikakandamiza ukingo ule ule wa kaskazini. Hajira hakushtuka, alidhani kuna kitu bado hakijakazwa. Alikagua propela, kwani propela iliyopinda huweza kuisukuma boti upande. Akaona betri imeegemea kushoto, akaisogeza katikati ili uzito ulingane. Kila alichorekebisha kiliifanya boti iuelekee mlima kwa uhakika zaidi.

Jioni aliipeleka darasani. Waliiweka kwenye pipa lililokatwa, wanafunzi wakazunguka.

"Mama Fikirini, boti yako inaswali," alisema Ronald, kijana wa bodaboda aliyekuwa anakaa dawati la nyuma.

"Ingekuwa inaswali ingesujudu," Hajira alijibu. "Hii inasukuma tu, kama wewe kwenye foleni ya chai."

Darasa likacheka. Mwalimu Tejinder aliinama, akaizungusha boti mara kadhaa, akaiacha irudi ilikotaka.

"Usukani unafanya kazi vizuri sana," alisema. "Unafanya ulichouambia. Uliuweka katikati ya nini?"

"Ya mlima, mwalimu."

"Katikati ya boti, mama."

"Ah."

"Hutokea. Mimi feni yangu ya kwanza niliifunga nikiwa nautazama Meru. Mpaka leo inapuliza Arusha." Akafuta mikono yake. "Usiifungue hapa. Usukani hunyooshwa kwenye maji ya boti yenyewe. Ipeleke kwake, uitazame inavyokwenda, ndipo ushike bisibisi. Na mimi Jumamosi nitakuja niione. Hiyo ndiyo kazi yako ya kupewa maksi."

Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, Hajira alipanda kwa bodaboda ya Ronald. Alimkuta Elimringi amekaa ukingoni mwa nduwa na fimbo yake, kofia magotini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mae. Imepona?"

"Imepona ugonjwa mmoja, ikapata mwingine."

Aliiweka majini ili aitazame kama alivyoelekezwa. Rimoti hakuigusa. Boti iliikata nduwa moja kwa moja, ikafika kwenye mlango wa kuingilia maji, ikapita, ikaanza kupanda kwenye mfongo mkavu. Ilikwenda juu ya majani makavu na kokoto kama inavyokwenda majini, ikiyumba kidogo kwa mawimbi yasiyokuwepo.

"Hiyo inajua njia," Elimringi alisema, akavaa kofia.

Waliifuata. Haikuwa na haraka, na mzee alipumzika kila palipokuwa na jiwe la kukalia. Boti ilimsubiri, ikizungukazunguka mahali pamoja. Walipita kihamba baada ya kihamba, na kila nduwa waliyoipita ilikuwa na nyufa. Mwanamke aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe aliinua kichwa na kuwasalimu.

"Beseni langu la bluu lilipita hapa jana," aliwaambia. "Mkilikuta huko juu nishushieni, jamani. Nafulia ndoo."

Mfongo uliishia kwenye ukuta wa zege. Katikati ya ukuta kulikuwa na lango la chuma lenye kufuli, na nyuma ya lango ilikuwa nyumba ya wageni yenye bustani, majani mabichi yaliyokatwa sawasawa, na bwawa la kuogelea la bluu, kubwa kuliko nduwa zote za kijiji zikiunganishwa. Maji ya mtoni yaliingilia upande wa pili. Hakuna aliyekuwa anaogelea. Boti ilifika langoni, ikaanza kugonga chuma kwa pua yake, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Chini ya ukuta vilikuwa vimepangwa vyombo vingi: ndoo, vibuyu, madumu, mtungi mmoja wenye ufa, vipande vya mashina ya migomba, na beseni la bluu. Mlinzi aliinuka kwenye kiti chake. Alikuwa mtu wa Sanya Juu aitwaye Sirili, mwenye koti zito na uso mpole.

"Shikamoo, mzee. Hiyo nyekundu ni yenu?"

"Marahaba. Ni yetu."

"Imewahi. Vingine hufika jua likianza kuinama." Akamsogezea mzee kiti chake. "Kaa, mzee wangu. Huo mlima si wa magoti yako."

"Vinakuja kufanya nini?" Hajira aliuliza.

"Kugonga, mama. Vinagonga mpaka vichoke, halafu mimi navipanga. Sipendi chombo cha mtu kipotee. Bosi ndiye hapendi, wageni wanalala mchana, wanasema kuna kelele."

"Umemwambia vinatafuta nini?"

"Nimemwambia. Akaniambia nifunge wavu."

Elimringi alisogea langoni, akashika vyuma viwili na kutazama ndani. Alitazama maji kwa muda mrefu, kisha akavua kofia, kama mtu aliyekutana na ndugu yake nyumbani kwa watu na hataki kumwaibisha.

"Yamenenepa," alisema.

"Yanatiwa dawa," Sirili alisema kwa upole.

Hajira alikaa chini kwenye ukingo wa mfongo, akaipakata boti. Iliendelea kusukuma pua yake kuelekea langoni hata mikononi mwake. Alifumba macho. Hakuomba lango lifunguliwe. Aliona ni jambo kubwa mno kuliomba akiwa na bisibisi mkononi. Aliomba asiharibu kitu cha mtu aliyemlisha. Kisha akasema bismillahi, akafungua mfuniko.

Alikuwa na nafasi ya kuuweka usukani katikati ya boti, kama inavyotakiwa. Boti ingevuka nduwa ikiwa na betri yake, na kamati ingecheka au isicheke. Lakini akakumbuka somo jingine la mwalimu: chombo kikienda kinyume na unakotaka, usikishindilie, hamishia kijiti upande wa pili wa mkono wa kimota. Alikuwa amekiona kinakotaka kwenda. Akachomoa kijiti, akakihamishia upande wa pili, akakaza. Sasa usukani uliupa mlima mgongo.

Aliiweka boti chini, pua ikiwa bado imegusa lango. Ilitulia kama inayofikiri. Kisha ikageuka, ikaanza kushuka.

Maji yaliifuata. Yalitokea chini ya lango lililofungwa, mapana kama boti yenyewe, si zaidi, yakapita kwenye majani makavu yakivinyanyua vijiti na kuvigeuza.

Sirili alilitikisa kufuli. Lilikuwa limefungwa.

"Mimi sijafungua," alisema.

"Hujafungua," Elimringi alikubali.

"Mkiulizwa, semeni hivyo hivyo."

"Tutasema hivyo hivyo, kijana. Aika. Aika sana." Mzee alikuwa anashukuru kwa lugha ya mama yake, na ilikuwa haijulikani anamshukuru nani kati ya Sirili, Hajira na yale maji. Hajira alibeba beseni la bluu kichwani. Walishuka nyuma ya boti, mzee akichovya ncha ya fimbo yake majini kila baada ya hatua chache ili aone kama bado yapo.

Boti iliingia kwenye nduwa alasiri ikielekea mwisho, na maji yakaingia nayo. Hajira alichukua udhu pale pale, akatandika kanga kwenye nyasi. Alipoinuka kutoka sijda ya mwisho alimwona Elimringi amesimama kwenye migomba, mikono imekunjwa, midomo inacheza. Kila mmoja alimngoja mwenzake amalize.

Jumamosi kamati ilikuja na viti vyake, viti vyeupe vya plastiki ambavyo nyumba ya wageni ilikuwa imewapa kama zawadi ya ujirani. Mwenyekiti Jesse alikaa katikati. Mwalimu Tejinder alikaa pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, kilemba chake cha bluu kikipigwa na vivuli vya majani. Asubuhi ile Ronald alikuwa ameipandisha boti hadi langoni, na Sirili aliiweka chini kama walivyokubaliana.

Walisikia kabla ya kuona. Sauti ya maji kwenye mfongo ilikuwa haijasikika siku nyingi, na wajumbe wawili walikunja suruali bila kujua. Boti ikaingia kwenye mlango wa nduwa, ikavuka, ikatokea mlango wa pili, ikasimama. Rimoti ilikuwa mezani jikoni kwa Elimringi.

"Kimeelea," Jesse alisema.

"Kina betri," alisema mjumbe mmoja.

"Kanuni haijakataza betri," alisema Elimringi.

"Na maji yametoka wapi?"

Jesse alikuna kidevu. "Kanuni haiulizi yametoka wapi. Inauliza kimeelea au hakijaelea. Kimeelea. Zamu ya mzee inabaki."

Elimringi alishukuru kwa kupeana mikono na kila mmoja. Alipofika kwa Jesse hakuuachia mkono.

"Na lango la juu, mwenyekiti?"

Jesse alitazama chini, kwenye miguu ya kiti chake cheupe.

"Hilo ni la kikao kingine, mangi."

"Kikao gani?"

"Kingine."

Tejinder aliinuka, akaifungua boti, akakagua kijiti, skrubu na mkono wa kimota. Alichukua muda wake.

"Mama Fikirini, huu usukani hauko katikati."

"Hauko, mwalimu."

"Umeugeuza makusudi?"

"Makusudi, mwalimu. Nilimwomba Mungu kwanza. Halafu nikaangalia betri."

Mwalimu aliufunga mfuniko. Alimpa maksi zote, akapunguza kidogo kwa sababu ya skrubu moja iliyokwaruzwa.

Kazi ya Hajira iliongezeka baada ya siku hiyo. Jesse mwenyewe ndiye aliyetangulia kushuka Majengo, akiwa na ndoo iliyofunikwa kwa gazeti.

"Mama, unaweza kufunga usukani kwenye ndoo?"

"Naweza. Betri unayo?"

Walifuata wengine na madumu, vibuyu, na lile beseni la bluu. Hajira alivifunga vyote kwa mpangilio ule ule, vikiupa mlima mgongo, na kila alasiri vilishuka kwenye mfongo kwa zamu iliyopangwa na kamati, kila kimoja na maji yake ya upana wake. Mwenye nyumba ya wageni aliona bwawa lake linapungua upana wa kidole mchana na kujaa tena usiku. Alimwita fundi wa kuziba nyufa. Fundi alitafuta na hakuona ufa. Lango likaongezewa kufuli la pili, na kamati ikaongezewa mwavuli wa kukaa chini yake. Kile kikao kingine hakijaitishwa. Sirili alipewa wavu. Aliufunga mahali alipoambiwa, na vyombo hupita kama wavu haupo.

Ijumaa moja asubuhi Hajira alifungua banda lake na kukuta mkungu wa ndizi mlangoni. Boti nyekundu ilikuwa imeegemea kando yake, imetota, na jani la mgomba limekwama kwenye propela. Alifahamu kuwa imeshuka njia yote hadi mjini, na kwamba Elimringi, akiulizwa, atasema mkungu umezidi.

Haukuwa umezidi. Ndizi zilikuwa chache, nyembamba kama vidole vya mtoto, ndizi za mgomba unaonyweshwa kwa kipimo cha boti. Hajira aliuinua kwa mkono mmoja, yeye ambaye mikungu ya zamani aliikokota. Alilitoa jani kwenye propela, akapangusa usukani, akaangalia betri. Kisha akachuma ndizi moja, akaimenya, akasema bismillahi. Ilikuwa tamu. Alikula taratibu akiwa amesimama mlangoni, uso ameuelekeza juu, na alipomaliza alishukuru, akachuma nyingine, akashukuru tena.